Tanki la Mama Yako

Zuhura, mama yangu,

Hapa unaandikiwa na fundi wa kwanza wa mtaa wetu wa Buyenzi kutengeneza shodieri ya Ubelgiji, ile mashine ya kupasha nyumba moto, bila kuinuka kwenye kiti. Nilikaa barazani, mguu juu ya mguu, nikasikiliza simu, nikasema neno moja, na mashine iliyokuwa inawaka na kuzima majira yote ya baridi ikawaka moja kwa moja. Kinyozi anajua. Imamu anajua. Hata yule muuza vipuri anayeniita Mzee Moshi alinipa mkono, na yule hampi mtu mkono asipokuwa anamuuzia kitu.

Uongo. Asubuhi ya leo imezima tena. Unajua, kwa sababu ulikuwa unakunja nguo ujumbe wa mama yako ulipoingia, ukanitazama, nami nikakumbuka ghafla kwamba kuku hawajapewa maji. Tangu lini mimi nikawapa kuku maji? Kwa kinyozi sijarudi kurekebisha habari. Ataisikia kwa wengine.

Sitakuandikia mambo ya koti, wala pasipoti, wala namna ya kumjibu polisi wa uwanja wa ndege. Shangazi yako ameshayasema mpaka koo limemkauka. Amekutilia ndagala, dagaa wakavu, za kulisha Wabelgiji wote, na mtu akikuuliza ni nini kinachonuka hivyo, sema ni dawa. Mimi huko sikujui. Mbali nilikofika ni Uvira, na nilirudi siku hiyohiyo kwa sababu ya njaa.

Nataka kukuandikia habari ya tanki la mafuta ya mashine ile tu. Unakwenda kukaa na mama yako kwa ajili ya kifua chake. Daktari amesema baridi isimguse, na nyumba yake inapata moto kama sisi tunavyopata umeme. Mimi siwezi kwenda. Hata ningepewa ndege yangu mwenyewe na rubani wangu, mama yako asingenifungulia mlango. Kwa hiyo wewe ndiwe mikono yangu, na kabla mikono haijaondoka lazima niiambie kichwa kilikosea wapi.

Ulipokuja mara ya kwanza na simu, ukaniambia mama anauliza kwa nini shodieri yake inawaka na kuzima, nilifurahi, sikufichi. Tangu aondoke hajaniletea hata salamu ya Idi. Sasa anauliza! Kupitia kwako, ndiyo, kama mtu anayeshika kitu cha moto kwa kitambaa, lakini anauliza. Na mazutu, hiyo dizeli inayowasha mashine ile, nayajua. Nimefungua pampu za malori tangu sijaota ndevu, na lile tanuri la mkate kule Bwiza, lenye kichwa kinachopulizia mazutu, likigoma nilikuwa naitwa mimi. Moto wa mazutu ni uleule, uoke mkate au umpashe bibi.

"Mwambie apanguse jicho," nikasema. Maana mashine za namna ile zina kijicho kinachotazama moto. Kikiingia masizi hakioni kitu, kinadhani moto umekufa, basi mashine inafunga mafuta.

Ukaniletea jibu: "Mama anauliza jicho gani, la mashine ao la kwako? Anasema la kwako ndiyo halijawahi kuona kitu."

Akapangusa. Ikawaka. Ikazima.

Nikasema jikleri, kile kidomo kinachopuliza mafuta. Fundi wa kule akabadilisha. Ikawaka, ikazima. Nikasema pampu.

"Mama anasema fundi amepima pampu, ni nzima. Anasema useme kingine, ao useme kama haujui."

"Mwambie 'sijui' ni neno halijafika Buyenzi."

Ulicheka mpaka ukakaa chini. Mimi nilicheka kwa mdomo. Ndani nilikuwa naogopa, kwa sababu moto unaowaka na kuzima ni ugonjwa mbaya kuliko moto uliokufa. Uliokufa unakaa palepale unakungoja uutafute. Huu fundi akifika unawaka kama bibi harusi. Fundi akifunga mlango wa gari lake, unazima. Na kila ukizima, mama yako anashuka chini na kifua kile, anabonyeza kitufe chekundu cha kuiwasha tena, anapanda, anakohoa.

Hapa nitavunja neno langu nikuagize jambo moja. Kitufe kile kibonyezwe mara moja, basi. Mafuta yasiyoshika moto hayaendi popote, yanabaki tumboni mwa mashine, na siku moto ukishika unayashika yote. Mlango wa tanuri la Bwiza ulinipita sikioni hivyo, kwa sababu mwenye duka alikuwa amesimama nyuma yangu na mimi sikutaka aone kama nimeshindwa. Nilibonyeza, nikabonyeza. Nyusi yangu ya kushoto haijarudi vizuri mpaka leo. Watu nawaambia ni uzee.

Mwisho nikasema hewa. Hewa ikiingia kwenye mpira wa mafuta, pampu inavuta upepo badala ya mazutu, moto unakohoa, unakufa. Fundi akaitoa hewa, mashine ikawaka ikaendelea, ndipo nilipokwenda kwa kinyozi. Na kweli hewa ilikuwapo. Kosa langu ni kwamba sikuuliza imeingilia wapi. Nilishasifiwa, na mtu akishasifiwa anauliza nini tena?

Basi leo asubuhi niko kule nyuma na kopo la kuku, nawasikiliza nyote wawili, maana simu yako unaifungua kama redio ya baa. Mama yako anasema: "Zuhura, imezima tena, na mi nimetoka kumwaga bidoni ya mazutu kwenye tanki sasa hivi, juu fundi akija asikute aibu."

Bidoni.

Nilisimama pale kuku wananidonoa vidole. Majira mazima nimeuliza jicho, nimeuliza jikleri, nimeuliza pampu. Sijauliza mafuta yanaingiaje ndani ya nyumba, kwa lori au kwa dumu. Nilipokuja mbio kukwambia umuulize, ulidhani nimepata wazimu. Naye akajibu, nawe ukaniwekea jibu lake nilisikie kwa masikio yangu:

"Mwambie nanunua bidoni yangu kwenye kituo, naisukuma kwa kigari, kama mutu mwenye akili. Nijaze tanki lote nimwachie nani?"

Wewe ulisikia mwanamke mkali. Mi nilisikia sauti yangu ikitoka mdomoni mwake. Yale si maneno yake, Zuhura. Ni yangu, niliyasema ndani ya nyumba hii mpaka yakashika kwenye kuta kama moshi.

Kwanza nikueleze mashine, halafu nitajieleza mimi. Tanki lake liko chini ya nyumba, ng'ombe mzima anaweza kulala ndani. Watu wa kule huita lori, lori linaleta mpira, linajaza. Mama yako anamwaga bidoni moja, inaisha, anamwaga nyingine. Kwa hiyo mafuta yake yako chini kabisa daima, yamelala juu ya matope na maji ya miaka. Akimwaga, anayakoroga. Matope yanakwenda kuziba filta. Mafuta yakipungua, mpira unavuta nusu mazutu na nusu hewa. Na siku fundi anakuja, mama yako anamwaga bidoni mbili tatu kwa heshima ya mgeni, mpira unapata kunywa, mashine inawaka. Fundi anakuta kila kitu kizuri. Hana kosa huyo mtu. Anakaribishwa.

Na kukaribisha huko amekutoa wapi? Amekutoa kwangu.

Miaka ya vita na vikwazo, mipaka ilipofungwa na mazutu yakawa dhahabu, nilikuwa na pipa zima uani. Watu waliliona nikilileta, kwa sababu nilitaka walione. Walikuja wenye bunduki wakalichukua, na mdogo wangu aliyekuwa akililinda walimpiga mgongo, hakutembea tena sawasawa mpaka tunamzika. Wewe ulikuwa bado hujazaliwa. Siku ile niliapa kwamba nyumbani kwangu hakitajaa kitu. Nani ataniibia kipimo cha leo?

Vita vikaisha. Mimi sikuisha.

Sukari ya leo. Makaa ya leo. Mafuta ya kupikia ya leo, kwenye kikombe. Ufunguo wa stoo nilivaa shingoni kama hirizi, na kila asubuhi mama yako alikuja mbele yangu na vyombo vyake, nami nilimpimia. Nilikuwa napima huku natania, ndiyo maana nilijiona mtu mwema. "Leo nikuongeze kijiko, umependeza." Watu walicheka. Nimewachekesha watu wengi katika maisha yangu, na sasa nikikumbuka nyuso zao, uso wake haumo.

Wageni wakija, alitoka mlango wa nyuma kwenda kuazima sukari kwa jirani, ili bakuli lionekane limejaa. Mgeni akisifu, nani anajibu? Mimi. "Kwangu hapapungui kitu." Na yeye amesimama pale na sinia. Nilijua bakuli lile limetoka wapi, mwanangu. Nilijua kila mara.

Mwaka mmoja karibu na mfungo aliniomba gunia la makaa.

"Baba Zuhura, gunia moja tu. Nifunge mwezi huu bila kukuomba kila siku."

"Na tukifa kesho, gunia tumwachie nani?"

"Tukifa, watapikia matanga."

Shangazi yako alicheka mpaka machozi. Mimi pia. Nikaleta beseni la makaa ya siku moja. Na mwezi mzima alipika kwa beseni lile, kila likiisha anasimama mlangoni nalo, analishika tu tumboni hivi mpaka nimuone. Wewe ulikuwa mdogo, ulikuwa unamshika nguo kwa nyuma. Labda umesahau. Yeye hajasahau.

Siku aliyokwenda Ubelgiji kwa dada yake aliyejifungua, tuliambiwa ni kumsaidia na kurudi. Nilijua harudi, kwa sababu alifagia nyumba yote, hata chini ya kitanda. Akasimama hapo mlangoni na begi moja. Akasema: "Sijalala njaa kwako, Saidi, hilo nitalisema hata mbele ya Mungu. Ila hakuna usiku nimelala bila kufikiri asubuhi nitakuomba namna gani."

Nilikuwa na maneno. Usidhani sikuwa nayo. Nilikuwa nayo mengi mazuri, niliyoyaweka siku nyingi. Nikasema: "Haya, ufike salama." Nikampimia hata hayo.

Sasa ana kazi yake, ana nyumba yake, hakuna mtu mwenye ufunguo shingoni. Hela ya kujaza tanki anayo. Na bado anasukuma kigari chake kwenye barafu, anajimwagia kipimo cha leo, anakaa na shali kusikiliza kama moto bado uko. Nimemwacha aende, kipimo changu hakikumwacha. Hilo ndilo nililolisikia leo kule kwa kuku, na nakwambia ukweli, ni afadhali ningesikia amenitukana.

Na wewe usicheke sana, maana nakuona. Juzi umeikata sabuni vipande, ukaficha vingine juu ya kabati. Nani anaiba sabuni humu? Mimi? Nitazame, nafanana na mtu anayeiba sabuni? Na yule kijana wa Kigobe anakuandikia ukurasa mzima, wewe unamjibu "sawa". Ndiyo, nilisoma, simu ulikuwa umeiacha wazi, na hata ingefungwa ningejaribu. Mimi simpendi, viatu vyake vina ncha mno. Lakini alikuuliza kama utamkumbuka, na wewe ukaandika "sawa"! Kama humtaki, mwambie akapumzike. Kama unamtaka, usimpimie. Sisemi kwa kuwa najua mapenzi. Nasema kwa kuwa najua kikombe.

Wiki iliyopita, nikikumbuka beseni lile, nilinunua gunia la makaa. Shangazi yako aliliona mlangoni akapiga kelele, "Nani amekufa?" Nikamwambia hakuna aliyekufa, nimenunua tu. Hakuamini, akaenda kuuliza kwa jirani. Sasa limekaa jikoni, limejaa mpaka mdomo, na mimi na sufuria yangu, ambayo kuanzia kesho ni ya mtu mmoja, tunalitazama kama mgeni asiyesema lugha yetu. Litanimaliza kabla sijalimaliza. Nilidhani nitajisikia mtu mkubwa. Ninajisikia mtu aliyefika sokoni watu wameshafunga.

Najua hutarudi. Usiniapie kesho uwanjani mbele ya watu, nitakuaibisha, nitaanza kuimba. Mtu anayekwenda kutazama mgonjwa hachukui picha ya bibi yake ukutani. Nimeona alama nyeupe pale ilipokuwa. Chukua tu, ni yako, umebeba jina lake. Sikasiriki. Nimekuwa na wewe miaka ambayo mama yako hakuwa nayo, na katika hiyo pia nilikupimia. Ulipofaulu shule nikasema "si mbaya". Haikuwa "si mbaya", Zuhura. Nilikwenda nyuma ya garaji nikalia na mikono yenye girisi, nikajipaka uso mzima, mafundi wakanicheka siku nzima na mimi nikawaacha wacheke. Hilo hukuambiwa. Sasa umeambiwa.

Ukifika, fanya hivi. Zima mashine. Mwite fundi, umwambie kila kitu bila aibu, hata habari za bidoni za kumkaribisha. Atoe maji na matope chini ya tanki, asafishe filta. Halafu lori lije lijaze mpaka juu. Mafuta yakishaingia msiwashe haraka, yaacheni yatulie usiku mmoja, uchafu ulale chini. Usiku huo nyumba itakuwa baridi. Lala naye kitanda kimoja, mfunike na kila kitu mlicho nacho, hata lile koti. Asubuhi ndiyo muwashe.

Ila lori atalikataa. Namjua. Atauliza nani amesema, na hapo ndipo kila kitu kitasimama au kitaanguka. Akisikia ni mimi, atarudia bidoni yake mpaka mwaka ujao ili kunikomoa, na ana haki, lakini kifua chake hakina nafasi ya kunikomoa.

Sasa nakukumbusha jambo. Unakumbuka ulipoichukua pikipiki ya jirani bila ruhusa ukaiingiza mtaroni? Nani alisema ni yeye aliyeiangusha? Mimi, na miguu hii ambayo haiwezi hata kupanda baiskeli. Jirani mpaka leo hanisalimii, na msikitini anahama safu akiniona. Nilikudanganyia, na sijawahi kukudai. Leo nadai. Nataka uongo mmoja tu, mdogo, ule utakaomfaa mama yako.

Mwambie ni fundi wa kule aliyesema tanki lijazwe. Ameona, amepima, ameamua. Jina langu lisiingie hata mlangoni. Na moto ukishashika, akikaa pale karibu na bomba la joto akavua shali, akasema, "Kumbe yuko mutu anajua kazi, si kama baba yako," mkubalie. Mkubalie haraka, na usicheke.

Baba yako,
Saidi